Jazi ya Pwani: Sauti za Bendi za Zamani na Wajibu wa Kuzihifadhi

Muziki wa dansi uliorekodiwa nchini Tanzania kati ya miaka ya 1950 na 1970 ni sehemu ya urithi wa Taifa. Bendi nyingi zilizoupiga zilijiita "Jazz", ingawa muziki wao haukuwa jazi ya New Orleans nchini Marekani. Kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki, neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa, ngoma, tarumbeta na saksafoni, iliyopiga rumba, cha-cha-cha na midundo ya nyumbani kwa tungo za Kiswahili.

Chimbuko la muziki huo lipo pwani. Mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Lamu, Mombasa na Tanga walicheza beni, ngoma iliyoiga gwaride na matarumbeta ya kijeshi. Baadaye vilianzishwa vikundi vya dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Santuri za muziki wa Cuba zilipoenea, wanamuziki walijifunza mirindimo yake, kisha wakaibadili ikawa yao. Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake: NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, Western Jazz ilikuwa na Saboso, na Atomic Jazz ya Tanga ilikuwa na Kiweke.

Katika ukanda unaotoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani kuelekea kaskazini, Tanga ndiyo iliyokuwa ngome ya jazi. Humo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilishindania mashabiki wa mji mmoja. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha na kupiga kwa jina la Arusha Jazz, kisha wakahamia Mombasa, ambako mwaka 1971 walianzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wa bendi hiyo walijitenga na kuunda Les Wanyika. Hivyo, muziki uliopendwa Kenya kwa miaka mingi una mizizi yake pia katika kumbi za Tanga.

Nyimbo hizo zilihifadhiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa redio. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Bendi zilialikwa studio na kurekodiwa kwenye kanda za sumaku, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja. Hazina hiyo leo ipo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Njia ya pili ilikuwa santuri. Kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, kazi hiyo ilifanyika Kenya. Santuri ndogo ilibeba dakika chache tu kila upande. Ndiyo maana nyimbo nyingi ndefu ziligawanywa kuwa sehemu ya kwanza na ya pili. Nakala ziliuzwa kwa wananchi, na baadhi bado zimo majumbani.

Vyote viwili huharibika. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku kwenye kanda huchakaa kwa joto na unyevu, na mashine za kuzichezesha zinazidi kuadimika. Santuri hupinda kwa jua na kuota ukungu, hasa katika hewa ya pwani. Mwananchi mwenye santuri anashauriwa kuzisimamisha wima, kuziweka mahali pakavu pasipo jua na kuzishika kwa kingo. Aidha, ni vyema aandike majina ya waimbaji na wapigaji anaowafahamu, kwa kuwa lebo nyingi zilitaja bendi na mtunzi pekee. Mzee anayekumbuka nani alipiga solo ana taarifa ambayo huenda haimo katika maktaba yoyote.

Kuhifadhi kunakwenda sambamba na haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), tungo hulindwa katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe, aliyewika na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Kwa hiyo tungo zake bado zinalindwa. Anayemiliki santuri anamiliki nakala, si wimbo. Anayetaka kuusambaza au kuutumia kibiashara anapaswa kupata idhini ya wenye haki.

Hata hivyo, kurekodi upya na kutunza kanda pekee hakutoshi. Muziki huishi unapopigwa. Bagamoyo ina nafasi ya pekee katika hilo. Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa hapo mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), hufundisha vijana muziki, ngoma na maigizo. Kijana anayeketi na gitaa mjini humo akisikiliza Atomic Jazz hasikii mambo ya kale tu. Anasikia somo ambalo walimu wake wengi wamekwisha kuondoka, na lililobaki ni sauti zao.