Nani Alitengeneza Njia ya Rwenzori?

Vitabu nilivyosoma sekondari vilisema kwamba mwaka 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alifika kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Wakonzo waliobeba mizigo ya msafara huo hawakutajwa. Nimeanza na jambo hili kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa mpagazi katika mlima huohuo, naye pia hatajwi popote.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilianzishwa mwaka 1991, na miaka mitatu baadaye UNESCO ikaitambua kuwa urithi wa dunia. Kisha wakaja waasi wa ADF. Hifadhi ilifungwa mwaka 1997, ikafunguliwa tena 2001. Katika miaka hiyo njia ilimezwa. Mvua haikatiki kule. Mianzi huanguka, ngazi za miti huoza. Babu alikuwa miongoni mwa waliorudi na mapanga kuitafuta.

Kazi ngumu zaidi, anasema, ilikuwa kwenye vinamasi vya Bigo. Matope hufika magotini, na mtalii hapendi kulowa. Kila mmoja hutafuta pakavu pembeni, akikanyaga mafundo ya nyasi, hata njia ya mtu mmoja ikawa pana kama barabara ya ng'ombe. Dawa yake ni kupandisha njia juu ya matope kwa daraja la mbao. Hakuna gari linalofika huko, kwa hiyo kila ubao na kila kilo ya misumari ilipanda mgongoni mwa mtu.

Wapo wanaosema mbao zinaharibu sura ya mlima. Sikubaliani nao. Nyasi zilizokanyagwa kwenye baridi ile huchelewa sana kuota tena, na mbao huwafanya watu wapite mahali pamoja tu.

Mhadhiri wangu aliniuliza kama ushahidi wa mzee mmoja unatosha. Hautoshi, nakubali. Ndiyo maana likizo iliyopita nilimwendea babu na daftari, nikamwomba majina ya wenzake. Alikumbuka manne. La tano alilitafuta hadi usiku, halafu akaniambia nirudi Krismasi, huenda litakuwa limemjia. Nimeacha mstari mmoja wazi kwenye daftari.