Mtoto ana kipaji na shoo zinaita: Ratiba ya shule ipangwe vipi?

Kigoma ina jina kwenye muziki. Diamond Platnumz na AliKiba wote wana asili ya mkoa huu, na mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma waliungana kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo "Leka Dutigite". Ndiyo maana mtoto wa Kalinzi anayeng'ara kwenye kwaya, kwenye ngoma au kwenye video za simu haoni usanii kama ndoto ya mbali.

Shida huanza simu inapopigwa. Mtu wa harusi anamtaka Ujiji Alhamisi usiku. Studio ya Dar inataka aje kurekodi wiki ijayo. Hela ipo, na nyumbani inahitajika. Lakini shule haijafungwa.

Jibu fupi ni hili: shule inapangwa kwanza, shoo inaingia kwenye nafasi inayobaki. Mzazi anayesema hivyo hana roho mbaya, na sheria iko upande wake.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inagusa moja kwa moja kazi za watoto, na usanii wa kulipwa ni kazi.

- Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14, tena kwa kazi nyepesi tu.
- Kazi nyepesi ni ile isiyodhuru afya wala makuzi ya mtoto, na isiyomzuia kuhudhuria shule au kufaidika na masomo.
- Kazi inayozidi saa sita kwa siku inahesabiwa kuwa ya kinyonyaji.
- Mtoto haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.
- Baa, hoteli na kumbi za starehe zimetajwa kati ya sehemu za kazi hatarishi kwa mtoto.

Kwa hiyo shoo ya usiku kwenye ukumbi wa starehe mjini si ya mtoto, hata akiwa na miaka 16 na hata kama analipwa vizuri.

Nayo Sheria ya Elimu inamtaka mzazi kuhakikisha mtoto aliyeandikishwa anahudhuria shule mpaka amalize.

Je, aliye chini ya miaka 14 afunge mdomo? Hapana. Kwaya ya kanisani, kaswida, ngoma za shule na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ambayo yana sanaa ndani yake, ni sehemu za kukuza kipaji bila mtoto kugeuzwa kuwa mwajiriwa.

Uganda walishafika hapo

Mwaka 2019, msanii wa rap aitwaye Fresh Kid, aliyekuwa na miaka 7, alizua mjadala mkubwa Uganda. Waziri wa nchi aliyeshughulikia vijana na watoto, Florence Nakiwala Kiyingi, alitaka aache kufanya shoo akasome. Mashabiki wakalalamika kwamba anazimiwa kipaji.

Mwisho pande zote zilikubaliana: mtoto asome siku za shule, shoo ziwe wikiendi na likizo. Fresh Kid akapata pia ufadhili wa kusoma shule binafsi jijini Kampala.

Hukohuko Uganda kuna Ghetto Kids, watoto waliojulikana mwaka 2014 kwa kucheza wimbo "Sitya Loss" wa Eddy Kenzo, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent. Mwanzilishi wao, Dauda Kavuma, alikuwa mwalimu wa hisabati. Anayesimamia mazoezi anajua pia maana ya kipindi cha darasani. Hilo ndilo la kutafuta kwa meneja yeyote: anauliza habari za shule, au anauliza tarehe ya shoo tu?

Wikiendi ya Kalinzi si wikiendi ya Dar

Kanuni ya "wikiendi tu" inafaa kwa mtoto anayeishi karibu na jukwaa. Kwa Kalinzi inabidi kupiga hesabu ya barabara.

Kushuka Kigoma mjini Jumamosi asubuhi na kurudi jioni inawezekana. Dar es Salaam ni habari nyingine. Reli ya kati peke yake ina zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar mpaka Kigoma. Kwenda tu, kwa basi au treni, kunakula karibu siku nzima au zaidi. Rekodi ya siku moja inaweza kumla mtoto wiki nzima ya masomo, kisha arudi darasani amechoka.

Kwa hiyo mialiko ya mbali isubiri likizo ndefu za Juni na Desemba. Mwenye nia ya kweli na mtoto atasubiri. Asiyeweza kusubiri wiki chache huenda anaitaka shoo kuliko anavyomtaka mtoto.

Chora kalenda mapema

Mwanzo wa mwaka, mzazi, mtoto na mwalimu wa darasa wakae pamoja waweke alama kwenye miezi hii:

- Mwaka wa darasa la saba: kuanzia Julai asichukue kazi mpya mpaka mtihani uishe Septemba.
- Darasa la nne: apunguze mazoezi muhula wa pili.
- Kidato cha pili na cha nne: Oktoba na Novemba ni za mitihani, basi.
- Siku za shule: mazoezi yasizidi saa moja, na yaishe mapema alale.

Matokeo ya muhula ndiyo kipimo. Yakishuka, shoo zinasimama muhula unaofuata. Mtoto aambiwe hivyo tangu mwanzo, si siku ya ugomvi.

Mkataba na hela

Kwa Sheria ya Mikataba, aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwenye mkataba. Meneja anayemwita mtoto pembeni "asaini hapa" ni wa kuogopwa.

Mzazi adai maandishi yanayotaja tarehe na saa, nauli, chakula, mahali pa kulala, mtu mzima wa familia atakayeongozana naye, malipo, na video zitatumika wapi. Kiongezwe kipengele kimoja: kazi isiyogongana na masomo wala mitihani.

Hela ya mtoto isipotelee kwenye matumizi ya nyumbani yote. Benki nyingi zina akaunti za watoto. Sehemu ikae huko kwa ajili ya sare, madaftari na masomo ya mbele.

Shule nayo ni njia ya jukwaani

Wapo wanaosema, "Ana kipaji, cheti cha nini?" Lakini Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), ambako wasanii husomea muziki, ngoma, maigizo na kazi za jukwaa, hupokea waliomaliza kidato cha nne. Aliyeacha shule kufuata shoo anajifungia hata chuo cha sanaa yenyewe.

Tena sauti ya mtoto wa kiume hubadilika akibalehe, na mashabiki huhama. Anayejua kusoma mkataba na kupiga hesabu ya malipo yake ana pa kushika hapo shoo zinapopungua.

Ukikwama, nenda kwa nani?

Anza na mwalimu mkuu. Kama mtoto anashinikizwa, analipwa kiujanja au anasafirishwa bila ridhaa ya familia, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga simu ya msaada kwa watoto namba 116. Kupiga ni bure.