Shauku ya Kumiliki Michezo ya Zamani ya Televisheni

Mtu apendaye kitabu hukinunua akakiweka nyumbani, na kila siku atakapo kukisoma hukifungua. Apendaye wimbo, tangu santuri zilipoanza kuuzwa, aliweza kuununua wimbo wenyewe pamoja na sauti ya mwimbaji. Lakini mtazamaji wa televisheni alikaa muda wa miaka arobaini hivi bila njia yo yote ya kukiweka alichokipenda. Alikiona mara moja, kikapita kama mgeni wa usiku, na asubuhi hakubakiwa na kitu ila kumbukumbu yake na masimulizi ya jirani. Makala hii yakusudia kueleza jinsi watazamaji wa Uingereza na Marekani walivyotamani kumiliki michezo hiyo, jinsi walivyozuiwa, na jinsi tamaa yao, ambayo wakubwa wa utangazaji waliiona kuwa jambo dogo, ilivyokuja kuokoa kile ambacho wakubwa wenyewe walikuwa wamekitupa. Mfano mkuu utakuwa mchezo wa Kiingereza uitwao Doctor Who, kwa kuwa habari za kupotea na kupatikana kwake zimechunguzwa kwa makini sana.

Shirika la BBC lilianza utangazaji wake wa kawaida wa televisheni tarehe 2 Novemba, 1936, katika jumba la Alexandra Palace mjini London. Siku hizo michezo ilichezwa na kutangazwa papo hapo. Mchezo uliopendeza ukitakiwa tena, wachezaji waliitwa wakaucheza upya. Baadaye ilipatikana njia ya kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kuipiga picha ile inayopita, lakini picha iliyotoka haikuwa safi. Mwaka wa 1956 kampuni ya Ampex ya Marekani ilitoa mashine iliyoweza kutia picha katika ukanda wa sumaku wenye upana wa inchi mbili. Mashine ilikuwa ghali mno, na kanda zake pia. Lakini ukanda ulikuwa na sifa moja iliyowafurahisha wenye mashirika, nayo ni kwamba uliweza kufutwa na kutumiwa tena. Sifa hiyo ndiyo iliyoleta msiba.

Doctor Who ulianza kuonyeshwa Jumamosi, tarehe 23 Novemba, 1963, siku moja baada ya kuuawa kwa Rais Kennedy. Wasimulia habari za msafiri wa ajabu apitaye katika nyakati na nyota kwa chombo chenye umbo la kibanda cha polisi wa Uingereza. Mchezaji wa kwanza wa nafasi hiyo alikuwa William Hartnell, akafuatwa na Patrick Troughton mpaka mwaka wa 1969. Katika miaka hiyo sita zilitengenezwa sehemu 253, zote kwa picha nyeusi na nyeupe. Kanda za asili zilizokuwa na sehemu hizo zilifutwa.

Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza ni gharama ya kanda, kwani ukanda uliowekwa ni ukanda usiofanya kazi. Ya pili ni mapatano na vyama vya wachezaji, ambao waliogopa kwamba michezo ya zamani ikirudiwa daima wao watakosa kazi mpya. Kwa hiyo mchezo haukuweza kurudiwa ila mara chache na ndani ya muda uliowekwa, na muda huo ukiisha, ukanda ulihesabiwa kuwa hauna faida tena. Ya tatu ni kuja kwa rangi: tangu mwisho wa mwaka wa 1969, BBC ilipoitia rangi stesheni yake ya kwanza, picha nyeusi na nyeupe zilionekana kama nguo kuukuu. Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini katika kila nchi msala mpya ndio upendezao macho.

Zilibaki nakala za filamu zilizotengenezwa kwa kuuzwa nchi za ng'ambo. Nakala hizi zilisafiri mbali: Australia, New Zealand, Hong Kong, Nigeria, Zambia, Kenya na kwingineko. Mara nyingi stesheni moja ilipokwisha kuzionyesha iliamriwa izipeleke kwa stesheni nyingine, au izirudishe London, au iziharibu. Na huko London nazo zilitupwa, kwani idara ya mauzo haikuona kazi yake kuwa kuhifadhi, na maktaba ya filamu haikuona kuwa ni wajibu wake kuweka kila kitu. Kila mmoja alidhani mwenzake anayo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Uharibifu huu haukukomeshwa mpaka mwaka wa 1978, ulipowekwa utaratibu rasmi wa kuchagua na kutunza michezo.

Isidhaniwe kwamba kosa hili lilikuwa la Waingereza peke yao. Huko Marekani, sehemu kubwa ya miaka kumi ya kwanza ya kipindi cha usiku cha Johnny Carson, kilichoanza mwaka wa 1962, ilifutwa. Shirika la DuMont, lililokoma kutangaza mwaka wa 1956, liliacha hazina ya filamu; na mwaka wa 1996 Edie Adams, mchezaji aliyepata kufanya kazi huko, aliieleza Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba filamu hizo zilitupwa majini katika hori ya New York. Kinyume chake ni mchezo wa I Love Lucy. Tangu mwaka wa 1951 ulipigwa katika filamu nzuri ya sinema, na kwa sababu hiyo uliweza kuonyeshwa tena na tena, ukawaletea wenyewe mali nyingi. Basi si kweli kwamba watu wa zama hizo hawakuweza kujua thamani ya michezo ya zamani. Ushahidi ulikuwako mbele ya macho yao.

Wakati wenye mashirika wakifuta, watazamaji walikuwa wakiweka. Katika miaka ya 1960 mashine za kunasa sauti zilianza kupatikana nyumbani, na baadhi ya vijana wa Kiingereza walitega kinasa sauti mbele ya televisheni kila Jumamosi jioni, huku wakiwaomba watu wa nyumbani wasikohoe wala wasigonge milango. Picha hawakuweza kuipata, lakini sauti waliipata. Kadhalika mpiga picha mmoja aitwaye John Cura alifanya biashara ya kupiga picha za kioo cha televisheni mchezo ukiwa unapita, akawauzia wachezaji na waongozaji waliotaka ukumbusho wa kazi zao. Watu hawa hawakutumwa na chuo wala serikali. Walichokuwa nacho ni shauku tu. Hata hivyo, hakuna hata sehemu moja ya Doctor Who iliyopotea kabisa: kila sehemu ambayo picha yake haionekani, sauti yake ipo, kwa sababu palikuwa na mtu nyumbani kwake aliyetaka kuwa nayo.

Mwaka wa 1975 kampuni ya Sony ilitoa mashine ya Betamax, na mwaka uliofuata kampuni ya JVC ikatoa ile ya VHS. Sasa mtu wa kawaida aliweza kunasa picha pia. Wenye sinema walishtuka. Kampuni za Universal na Disney ziliishtaki Sony mwaka wa 1976, zikidai kwamba kuuza mashine hiyo ni kuwasaidia watu kuvunja hakimiliki. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ikaamuliwa tarehe 17 Januari, 1984, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba kunasa kipindi nyumbani ili kukitazama baadaye si kosa. Tofauti ya jaji mmoja yaonyesha jinsi jambo lilivyokuwa gumu. Tena yafaa iangaliwe kwamba hukumu ilisimama juu ya kuahirisha kutazama. Swali la mtu kujiwekea kanda hizo daima, kama maktaba yake, halikuamuliwa wazi. Sheria ilimruhusu mtazamaji kuchelewa, lakini haikumwambia kwamba kitu ni chake.

Ndipo wenye michezo walipoanza kuiuza wenyewe. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka wa 1983 wapenzi wa Doctor Who walikusanyika kwa maelfu huko Longleat kuadhimisha miaka ishirini ya mchezo huo. Husimuliwa kwamba walipoulizwa ni hadithi gani wangependa kuinunua kwanza, wengi walitaja The Tomb of the Cybermen ya mwaka wa 1967. Jibu hilo ni la kusikitisha, maana hadithi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotupwa. Badala yake, mwezi wa Oktoba mwaka huo, walipewa Revenge of the Cybermen ya mwaka wa 1975, sehemu zake nne zikiwa zimeunganishwa kuwa kama sinema moja, kwa bei ya pauni 39.95. Bei hiyo ilikuwa kubwa, na kitu kilichouzwa hakikuwa kile kilichoombwa; lakini walinunua. Mwaka wa 1991 nakala za filamu za The Tomb of the Cybermen zilipatikana Hong Kong, na mwezi wa Mei mwaka wa 1992 kaseti yake ilikuwa madukani. Waliotamani wakiwa vijana waliipata wakiwa watu wazima.

Kaseti zilikuwa na ubaya wa kujaza nyumba. Mchezo wa Kimarekani wa Star Trek, ulioonyeshwa tangu mwaka wa 1966 hadi 1969, una sehemu 79, na aliyetaka zote alinunua kaseti moja kwa kila sehemu. Diski za DVD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1996 na Marekani mwaka wa 1997, zilibadili mambo. Mwaka wa 2000 msimu mzima wa kwanza wa The X-Files ulitolewa katika kasha moja lenye diski saba. Tangu hapo mchezo wa televisheni ulianza kuwekwa rafuni kama vitabu vya mwandishi mmoja, kwa mpangilio wake, wala si vipande vilivyochaguliwa na muuzaji. Na hapo ndipo zile kanda za sauti za vijana wa zamani zilipolipa. Mwaka wa 2006 sehemu mbili zilizopotea za hadithi ya The Invasion zilichorwa kwa katuni juu ya sauti ya asili, na mwaka wa 2016 The Power of the Daleks, ambayo sehemu zake zote sita zilikuwa zimepotea, ikachorwa yote kwa njia hiyo hiyo.

Lakini kununua si kupata kila kitu. Mchezo wa WKRP in Cincinnati, wa mwaka wa 1978 hadi 1982, wahusu stesheni ya redio, na nyimbo zilizosikika humo zilikuwa sehemu ya maneno yake. Ruhusa ya nyimbo hizo ilitolewa kwa utangazaji wa siku hizo tu. Diski zilipotolewa mwaka wa 2007 nyimbo nyingi zilikuwa zimeondolewa na kutiwa nyingine zisizojulikana. Ikabidi wapenzi wangoje mpaka mwaka wa 2014, nyimbo nyingi ziliporudishwa. The Wonder Years, uliokwisha mwaka wa 1993, nao ulizuiwa kwa sababu ya nyimbo, usiuzwe mzima katika DVD mpaka mwaka huo huo wa 2014.

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, mtafutaji wa filamu zilizopotea, alikuwa amepata sehemu 11 za Doctor Who katika ghala ya stesheni ya televisheni ya Jos, nchini Nigeria. Tisa kati yake hazikuwa na nakala nyingine iliyojulikana. Hadithi ya The Enemy of the World ikakamilika, na The Web of Fear ikabaki na pengo la sehemu moja. Baada ya hapo hesabu ya sehemu zilizokosekana ilikuwa 97. Jambo hili lawahusu hasa wasomaji wa Afrika. Mali ya Waingereza iliyotupwa London ilidumu Jos, si kwa kuwa mtu aliithamini, bali kwa kuwa hakuna aliyeitupa. Mtu atauliza kwa haki: je, michezo ambayo stesheni za Afrika zilijitengenezea zenyewe, kwa lugha zao wenyewe, imewekwa wapi, na nani aliyeitia katika daftari? Filamu za kigeni zilikuwa na nakala katika nchi nyingi. Ukanda wa nyumbani ulikuwa mmoja tu.

Wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa somo hili upya. Tenzi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazikufika zama hizi kwa sababu zilihifadhiwa katika jumba la serikali; zilifika kwa sababu mtu mmoja baada ya mwingine alitaka nakala yake, akainakili kwa mkono au akamlipa mwandishi. Aliyenakili hakudhani kwamba anaokoa utamaduni. Alitaka kuwa na kile alichokipenda, na kwa kutaka hivyo akaongeza nakala moja duniani.

Siku hizi michezo mingi hutazamwa kwa intaneti, na wengi wameuza au kutupa kaseti na diski zao. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2023, Doctor Who ulipotimiza miaka sitini, BBC iliweka sehemu zaidi ya 800 katika huduma yake ya iPlayer; lakini hadithi ya kwanza kabisa, ile ya tarehe 23 Novemba, 1963, haikuwamo, kwa kukosekana mapatano na upande wa urithi wa mwandishi wake. Hadithi hiyo haikupotea. Ilikuwako salama katika maktaba ya shirika, ila mlango wake ulifungwa. Siku ile, mtu aliyekuwa na kaseti ya zamani au diski yake rafuni aliitazama kama kawaida, bila kumwomba mtu ruhusa.