Zubian: manowari iliyoungwa kutoka meli mbili

Nubian na Zulu zilikuwa manowari ndogo za Uingereza zenye kasi, zilizoshushwa majini mwaka 1909. Zote ni za kundi la Tribal, ambalo meli zake nyingi zilipewa majina ya makabila na mataifa. Ndiyo maana Wazulu na Wanubi wa Afrika wamo.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia zililinda mlango wa bahari wa Dover, njia ya askari na shehena kwenda Ufaransa. Usiku wa kuamkia 27 Oktoba 1916 Nubian ilipigwa torpido na Wajerumani. Ilipokuwa ikivutwa kamba ikakatika, meli ikapanda ufukweni, na omo, yaani sehemu ya mbele, ikang'oka. Siku 12 baadaye Zulu ikagonga bomu lililotegwa baharini na kupoteza tezi, sehemu ya nyuma.

Manowari za kusindikiza meli zilikuwa haba, na kuunda mpya kulichukua muda. Mafundi wa Chatham wakaunga omo ya Zulu na tezi ya Nubian. Upana ulitofautiana kwa karibu sentimita 9. Kwetu hizo si kidogo, maana mabamba ya chuma yalipaswa kukutana bila kuvuja.

Jina nalo likaungwa: Zubian. Ilianza kazi Juni 1917. Februari 1918 ilihesabiwa kuwa imeizamisha nyambizi ya Kijerumani UC-50, ingawa watafiti wa baadaye wamelipinga hilo. Mwaka 1919 iliuzwa kuwa chuma chakavu.