Matufe Madogo ya Dunia na Mkulima Aliyeanza Tena

Tufe ni mfano wa dunia, mviringo kama chungwa, uliochorwa nchi na bahari pande zote. Hapo kale mafundi wa London walifanyiza matufe madogo sana, upana wake inchi 3 tu, hata mtu aliweza kulitia mfukoni. Joseph Moxon alikuwa mmoja wao, katika karne ya 17. Kila tufe lilikuwa na kibweta kilichovikwa ngozi ya samaki, na ndani yake ilibandikwa ramani ya nyota. Ukikifungua, waiona dunia imezungukwa na mbingu.

Siku hizi wako watu wayakusanyao. Hawatazami uzuri tu, bali hupima umri wake kwa yaliyochorwa. Wakiona California imefanywa kisiwa, hukumbuka kosa la karne ya 17. Wakiona njia za merikebu za James Cook, hujua ya kuwa tufe hilo halikufanyizwa kabla ya mwaka 1768. Basi kosa la fundi limekuwa faida kwa mkusanyaji. Lakini kwa fundi mwenyewe kosa ni mzigo.

Alikuwako Marekani mkulima na mhunzi, jina lake James Wilson, aliyezaliwa mwaka 1763, mtu wa elimu haba. Siku moja aliona matufe katika chuo cha Dartmouth, akatamani kufanyiza yake. Alitoa dola 130 kununua kamusi kubwa ya elimu, akajifundisha jiografia usiku baada ya kazi. Kisha alikwenda New Haven kwa Amos Doolittle, ajifunze kuchora juu ya shaba.

Akachonga ramani yake siku nyingi, herufi zote kinyume, ili zikipigwa chapa zisomeke. Alipokuwa amefika mbali, akatambua ya kuwa vipimo vyake vina kasoro. Akamwendea Mchungaji Jedidiah Morse, mtungaji wa vitabu vya jiografia, kutaka shauri. Angaliweza kuficha kosa lile, maana ni wangapi wangalilijua? Hakulificha. Aliiacha kazi ile, akaanza upya.

Mwaka 1810 akauza matufe yake ya kwanza, ndiyo ya kwanza kufanyizwa Marekani kwa biashara. Baadaye akafanyiza na madogo ya inchi 3. Alifariki mwaka 1855, mwenye miaka 92.

Ndugu wasomaji, mkusanyaji huliona tufe lililokwisha. Ile shaba iliyoachwa haionekani. Walakini ndiyo iliyolinyosha tufe.