Motokaa Katika Nchi ya Milima: Habari za Tandala na Makambako

Tandala ni nchi ya milima. Imo katika wilaya ya Makete, mkoani Njombe, kwenye safu zinazopita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni na Julai huacha sakitu nyeupe juu ya majani hata jua lipande. Wenyeji wake, Wakinga, wanafahamika Tanzania nzima kwa biashara, na maduka yao yamefika mbali na milima iliyowazaa: Makambako, Mbeya, hata Kariakoo. Kwa watu wa namna hiyo motokaa ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima, wala haihesabiwi kuwa pambo la mwenye nazo. Mtu akiifuatia historia ya chombo hicho katika nchi hiyo ataona kuwa bei yake, ingawa daima ilikuwa kubwa, haikuwa ndiyo iliyoamua gari gani linunuliwe. Jambo lililoamua ni jingine: likiharibika mlimani, nani atalitengeneza, na kwa vipuri gani?

Kabla ya magurudumu palikuwa na mabega ya watu. Wamisionari wa Berlin walioingia nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 19 walitokea upande wa Ziwa Nyasa, na mizigo yao ilipandishwa Milima ya Livingstone kichwani na begani. Njia zilikuwa za miguu, nazo zilifuata migongo ya vilima kwa busara ya mtembeaji ambaye huogopa tope kuliko mwinamo. Gari halina busara hiyo, na ndiyo sababu barabara za kwanza zilipokatwa zilikwenda mizunguko ambayo mtembeaji aliicheka.

Motokaa yenyewe ilijionyesha mapema pwani. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akikusudia kuikata Afrika toka bahari hata bahari, akafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909. Hesabu yake ni siku 630. Hakupita Njombe wala Makete, lakini safari yake yastahili kutajwa hapa kwa kuwa yatoa picha kamili ya mambo yaliyofuata. Sehemu kubwa ya siku zile gari halikuwa likienda. Lilikuwa limesimama, likingoja kipuri kutoka Ulaya, petroli iliyotangulizwa njiani, au watu wa kulivuta kutoka mtoni. Kwa hiyo motokaa ya kwanza kuivuka Tanganyika ilitumia muda wake mwingi katika kutengenezwa, na wala si dhihaka kusema kuwa magari mengi yaliyoifuata yalirithi desturi hiyo.

Chini ya Waingereza magari yalikuwa ya serikali, ya misheni, ya walowezi na ya wafanya biashara wenye asili ya Kihindi waliomiliki malori. Mwenyeji alikuwa abiria, au utingo, au mtu wa kusukuma. Mwaka 1948 likatokea gari ambalo lingeuteka moyo wa nyanda za juu kwa muda mrefu. Land Rover ilionyeshwa kwanza Amsterdam mwezi Aprili mwaka huo. Bodi yake iliundwa kwa alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na dhiki hiyo ya Waingereza ikawa neema kwa nchi za mvua, kwani alumini haili kutu kama bati la chuma. Tena gari hilo lilifungwa kwa nati na bolti zilizoonekana kwa macho. Mtu mwenye spana chache aliweza kulifungua, kulitazama na kulifunga tena, na katika kufungua na kufunga huko akajifunza. Halikuwa gari la raha: lilirusha abiria, lilivujisha oili, na baridi ya Makete iliingia ndani kama mwenye nyumba. Lakini lilifundishika, na sifa hiyo ilishinda zote.

Shule kubwa ya ufundi ililetwa na siasa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikaona njia yake ya bahari i mikononi mwa adui. Mafuta yakaanza kupelekwa Zambia kwa malori kutoka Dar es Salaam, na shaba kurudi kwa njia iyo hiyo, kupitia Iringa, Makambako na Mbeya, juu ya barabara ya udongo ambayo kwa Kiingereza ilipata jina la njia ya jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania iliyotumia malori ya Fiat. Magari mengi yalipinduka, na mengi yakavunjika springi. Palipovunjika gari palihitajiwa mtu wa kulitengeneza, na palipo na fundi hukusanyika wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikawekwa. Reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu 1970 na kukabidhiwa 1976, ikapita Makambako na kujenga stesheni. Barabara ya lami ya kwenda Songea ikachipuka papo hapo katika miaka ya 1980. Mji ukakua kwa sababu ya magari yaliyosimama, na hiyo si sababu ndogo ya mji kukua.

Mafunzo ya ufundi wa namna hiyo hayakuwa na cheti. Kijana alianza kwa kuosha vifaa kwa petroli, akapanda hadi kuziba pancha, akaruhusiwa kushika breki, na mwisho wake, akiwa amevumilia matusi ya kutosha, akaachiwa kuifumua injini. Lugha ya kazi yake nayo ni darasa la historia. Usukani ni neno la baharini, la mashua na majahazi, lililopanda bara likakaa mbele ya dereva. Gari limetoka Bara Hindi. Breki, gia, klachi, rejeta na spana zimetoka kwa Mwingereza. Lakini injini ikifa husemwa imenoki, ikizidi joto yachemsha, na gari zima likichoka ni mkweche. Mswahili hakungoja kamati impe maneno. Pale penye shida ya kila siku neno lilizaliwa gereji, likakubaliwa njiani.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Bei ya mafuta ilipanda 1973 na tena 1979, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vikala akiba ya nchi, na fedha za kigeni zikawa haba kuliko gari lenyewe. Uingizaji wa magari ulikuwa umewekwa chini ya shirika la umma katikati ya miaka ya 1970, na mtu binafsi kupata motokaa mpya kulihitaji kibali na subira ya miaka. Hata kuendesha gari Jumapili baada ya saa nane mchana kulikatazwa kwa muda ili kuokoa mafuta. Ndipo thamani ya fundi ilipopita thamani ya tajiri. Gasketi ilikatwa kwa karatasi ngumu ya boksi, springi ikafuliwa upya kwa mhunzi, tairi lililopasuka likashonwa, na lililokataa kushonwa likawa makatambuga. Magari mawili yaliyokufa yalizaa moja lililo hai. Wako wanaoisifu miaka ile kuwa ya ubunifu, nayo ilikuwa hivyo. Lakini haifai kusahauliwa kuwa mgonjwa aliyeteremshwa kutoka milimani katika gari lenye breki za kubahatisha hakuwa na nafasi ya kuusifia ubunifu huo.

Tena miaka ya uhaba iliacha desturi ambazo zilidumu hata uhaba ulipokwisha. Mojawapo ni ya kuitoa themostati. Kifaa hiki kidogo huzuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kikikwama, gari huchemsha. Na kwa kuwa kipya hakikupatikana, fundi alikitoa akakitupa, gari likaenda. Dar es Salaam, penye joto, madhara yake hayaonekani upesi. Katika nchi ya sakitu mambo ni mengine: injini hukimbia ikiwa baridi siku nzima, hula mafuta kupita kiasi, na vyuma vyake husagika kabla ya wakati. Milima ina siri nyingine pia. Maji hayangoji nyuzi 100 ili yachemke. Kwenye mita 2,000 na ushei huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na kinachoyazuia ni shinikizo linaloshikwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko kilicholegea, ambacho mtu wa pwani aweza kukaa nacho mwaka mzima, humlaza mtu wa Tandala njiani na shehena yake ya viazi. Mnunuzi mwenye akili, kabla hajaipiga rangi jicho, hukitazama kifuniko hicho, na hutazama kama maji ndani yake yana rangi ya kutu.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zilikotoka, na mlango ukafunguka. Zilianza pikapu, zikafuata Hiace, Corolla na malori ya Fuso, aghalabu yaliyokwisha tumika Japani. Sababu za Japani kuwa chimbuko si za siri. Huko watu huendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania, hivyo usukani huwa upande uo huo. Sheria yao hulitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, kwa gharama ambayo humfanya mwenye gari aone heri aliuze. Gari ambalo kwao limezeeka huanza maisha ya pili Afrika Mashariki. Kenya imeweka mpaka wa miaka 8, gari likiuzidi haliingii. Tanzania imeona afadhali kulitoza la zamani ushuru wa ziada kuliko kulifungia mlango. Kila njia ina wateteaji wake, ingawa ile ya Tanzania yaelewa zaidi mfuko wa mtu wa kawaida.

Wingi ulileta udanganyifu wa aina yake. Tangu namba za magari zilipoanza na herufi T na kuishia na herufi tatu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wamezoea kulipima gari kwa herufi: hili ni namba C, lile namba D, na la karibuni zaidi lina bei zaidi. Kumbe herufi hizo zasema tu siku gari liliposajiliwa Tanzania, wala hazisemi lilizaliwa lini. Gari lililoundwa 2003 laweza kubeba namba ya juzi. Ukweli umo katika namba ya chesesi na katika kadi, ambayo ni lazima ilinganishwe na chuma chenyewe kabla fedha haijahesabiwa. Umo pia chini ya gari: magari ya Hokkaido hupita juu ya barabara zilizonyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na kutu yake hujificha tumboni, chini ya rangi inayong'aa.

Katika msongamano huo wote, nyanda za juu zilichagua tena kwa kanuni ile ile ya zamani. Toyota na Fuso zilirithi kiti cha Land Rover na Fiat kwa kuwa kipuri chake, kipya au cha mitumba, chapatikana Makambako kabla jua halijatua, na fundi wake hahitaji kutafutwa. Mtu anunuaye gari la ajabu la Ulaya kwa bei nafuu hugundua baadaye kwamba unafuu ule ulikuwa ni malipo ya awali, na masalio yake hudaiwa kipuri kwa kipuri.

Barabara ya kutoka Njombe kwenda Makete, karibu kilomita 109, imepata lami katika miaka ya karibuni, na wagonjwa waendao Hospitali ya Ikonda, iliyoanzishwa na Wamisionari wa Konsolata miaka ya 1960, hawatumii tena siku nzima katika tope. Magari mafupi yaliyokuwa hayathubutu kupanda sasa hupanda. Mengi yao ni ya gia za kujiendesha, na dereva aliyejifunzia tambarare huteremka nayo mlima mguu ukiwa juu ya breki hadi zinuke, hali gia ndogo ingemshikilia bure. Ndani yake mna kompyuta ambayo haifunguki kwa spana. Taa ya njano ikiwaka mbele ya usukani, fundi wa kijijini, aliyeijua injini kwa kuisikiliza, humshauri mwenye gari ashuke mjini kwenye mashine ya kupimia, kisha arudi na jina la ugonjwa. Wengine huitoa balbu ya taa ile, wakafunga boneti na kuendelea na safari.