Ukoo na Tabia: Majina ya Tolkien na ya Shaaban Robert

Majina ya nchi za kubuni hayaokotwi njiani. J.R.R. Tolkien, aliyefundisha Kiingereza cha kale Chuo Kikuu cha Oxford, na Shaaban Robert wa Tanga, wote walichota katika lugha halisi. Kilichowatenga ni kazi waliyoyapa majina hayo.

Tolkien alivutwa kwanza na sauti. Kifini kilichangia Quenya, lugha ya kale ya Waelfi wake. Kiwelisi kikaipa Sindarin, lugha nyingine ya Waelfi hao, mlio wake, unaosikika katika jina la Arwen. Mbilikimo wa The Hobbit (1937), kama Thorin na Bombur, majina yao yametoka katika Völuspá, utungo wa kale wa Skandinavia, na jina la mchawi Gandalf limo humo humo. Warohan, watu wa nchi yake ya kubuni ya Rohan, wana majina ya Kiingereza cha kale: Théoden maana yake mtawala, na Éomer na Éowyn wamebeba neno la farasi. Hapo ipo hesabu: lugha ya Rohan ina undugu na ya hobiti, watu wafupi wa hadithi zake, na kwa kuwa hobiti wanasemeshwa Kiingereza cha leo, Warohan wakapewa cha kale. Msomaji asiyejua asili hizo bado husikia kwamba hawa ni ukoo mmoja na wale mwingine.

Shaaban Robert hafichi kitu. Katika Kusadikika (1951), jina la nchi lenyewe ni kitenzi katika kauli ya kutendeka: nchi hiyo huweza kusadikiwa, si kufikiwa. Waziri Majivuno anamshtaki Karama, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe, wakiwamo Fadhili na Amini. Kwa majina hayo tu, kesi imeshaanza kuamuliwa kabla shahidi hajasema.

Hata hivyo, uwazi huo una ujanja wake. Karama, Fadhili na Amini ni majina ya watu tunaoishi nao. Hakuna mzazi amwitaye mwanawe Majivuno. Ni hivyo pia katika Adili na Nduguze: Adili aweza kuwa jirani yako, lakini ndugu zake Hasidi na Mwivu hawana wa kuitwa kwa majina yao. Wema una wenyeji mtaani. Uovu hauna anayekubali kuitwa kwa jina lake, ingawa watendaji wake wamejaa.

Tolkien, basi, humwambia msomaji mhusika ametoka wapi. Shaaban Robert humwambia mhusika amesimama upande gani. Mwandishi wa leo anayebuni ufalme wake kwa Kiswahili aamue kwanza anataka lipi kati ya hayo, ndipo abatize watu wake.